Walatvia na Nchi Yao

Na Mwalimu wa Historia

Maktabani kwetu mna atlasi mbili za Ulaya. Ya kwanza ilipigwa chapa kabla ya mwaka 1991, na ndani yake nchi yote kutoka Moscow mpaka Bahari ya Baltiki imepakwa rangi moja. Ya pili ni mpya, na mahali pale pale pana nchi tatu ndogo, kila moja na mpaka wake na rangi yake: Estonia, Latvia na Lithuania. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walizifunua zote mbili pamoja, wakaniuliza nchi hizo zimetoka wapi. Nimechagua kueleza habari za ile ya katikati. Walatvia walikaa zaidi ya miaka mia sita bila mfalme wao, bila jeshi lao, bila mji waliouweza kuuita wao. Mabwana wao walikuwa Wajerumani, kisha Wapolandi, kisha Waswidi, kisha Warusi. Makabila mengi yaliyopatwa na mambo kama hayo yamepotea kabisa. Hawa hawakupotea, na yafaa tujue sababu yake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Latvia ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 64,600, na watu wake hawafiki milioni mbili. Kaskazini imepakana na Estonia, kusini Lithuania, mashariki Urusi na Belarus, na magharibi ni bahari. Nusu ya nchi ni misitu ya misonobari na miti mingine ya baridi. Milima hakuna, kilele kirefu kupita vyote, Gaiziņkalns, kina meta 312 tu, na sisi tungekiita kilima. Katikati hupita mto Daugava, utokao Urusi, ukavuka Belarus, ukaingia baharini karibu na Riga, mji mkuu. Mwanafunzi autie moyoni mto huu. Nta, ngozi na kitani vya bara viliteremka kwa njia hiyo kwenda kwa wanunuzi wa Ulaya, na chumvi na nguo vikapanda. Aliyeshika Riga alishika mlango wa biashara hiyo. Nchi isiyo na mlima wa kumzuia adui, nayo ina mlango ambao kila mtu anautaka, haiwezi kukaa raha.

Wenyeji wa zamani hawakuwa taifa moja. Palikuwa na makabila manne ya jamii ya Wabaltiki: Wakuri pwani ya magharibi, waliosifika kwa ubaharia na kuogopwa kwa uharamia; Wazemgali kusini katika nchi tambarare yenye rutuba; Waseloni; na Walatgali mashariki, ambao jina la Walatvia linafanana na lao. Kabila la tano lilikuwa Walivi, wavuvi wa kando ya bahari, na hao lugha yao haikuhusiana hata kidogo na za wenzao. Ndugu zao ni Waestonia na Wafini. Watu hawa wote walilima nafaka, walifuga nyuki na ng'ombe, wakaokota kaharabu pwani. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale sana uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, na ule wa Baltiki ulifika mpaka Roma, ukawa mapambo ya mabibi wakubwa.

Katika miaka ya 1180 padre mmoja Mjerumani, jina lake Meinhard, alipanda mto Daugava pamoja na wafanya biashara, akajenga kanisa la mawe mahali paitwapo Ikšķile. Yeye alikuja kwa maneno. Aliyemfuata, Askofu Berthold, alikuja na jeshi, akauawa vitani mwaka 1198. Wa tatu, Askofu Albert, alikuwa mtu wa akili nyingi na moyo mgumu. Mwaka 1201 aliuanzisha mji wa Riga, na mwaka uliofuata likaundwa jeshi la watawa wenye silaha, lililoitwa Ndugu wa Upanga. Vita vikaendelea karibu miaka mia. Mwaka 1236 Ndugu hao walipigwa vibaya katika vita vya Saule, hata mabaki yao yakaunganishwa na jeshi jingine la watawa wa Kijerumani. Lakini kufika mwaka 1290 makabila yote matano yalikuwa yamekwisha tiishwa. Walishindwa kwa sababu ya silaha za chuma na ngome za mawe, na pia kwa sababu hawakupigana pamoja. Walivi na Walatgali waliwasaidia Wajerumani juu ya jirani zao, kila mmoja akidhani anamkomoa adui wake wa zamani.

Tangu hapo nchi ikaitwa Livonia, kwa jina la Walivi, lakini Walivi wenyewe hawakuwa na sauti ndani yake. Mjini watu walisema Kijerumani, na shambani Kilatvia. Wajerumani waliwaita wenyeji wote kwa neno moja, “wasio Wajerumani,” kana kwamba mtu aweza kutambulikana kwa kile asichokuwa. Kidogo kidogo mkulima alifungwa na shamba la kabaila: hakuweza kuhama bila ruhusa, alifanya kazi ya bwana kwanza ndipo alime chake, na kabaila aliweza kumwuza au kumpa mtu mwingine. Mlatvia aliyebahatika kupata elimu au mali aligeuka Mjerumani, maana hapakuwa na njia nyingine ya kupanda. Jambo hili lilikuwa hatari kubwa kuliko vita. Waprusi wa kale, ndugu wa damu wa Walatvia, walitiishwa na mabwana wa namna hiyo hiyo, na kufika mwanzo wa karne ya kumi na nane lugha yao ilikuwa imekufa. Siku hizi lugha hai za Kibaltiki ni mbili tu, Kilatvia na Kilithuania.

Lakini wakati huo huo makabila yale manne ya Kibaltiki, yaliyokuwa yakigombana zamani, yalikuwa yakichanganyika. Wote walikuwa chini ya mzigo mmoja, na lugha zao zikaungana kuwa lugha moja. Walivi nao wengi wakaingia humo.

Vita vya wakubwa nitavipita upesi. Mwaka 1558 Urusi iliivamia Livonia, na utawala wa watawa ukavunjika mwaka 1561. Nchi ikagawanywa: Latgale, upande wa mashariki, ilibaki mikononi mwa Poland mpaka 1772, na ndiyo sababu Walatgale wengi ni Wakatoliki hadi leo, ambapo sehemu nyingine zilifuata dini ya Luther. Riga ilitwaliwa na Waswidi mwaka 1621. Chini ya Waswidi mchungaji mmoja Mjerumani, Ernst Glück, alifasiri Biblia nzima kwa Kilatvia, akaimaliza mwaka 1689. Hivyo lugha ya shamba ikapata kitabu kikubwa. (Katika nyumba ya mchungaji huyo alilelewa msichana yatima aliyeitwa Marta. Mwaka 1702 alichukuliwa mateka na jeshi la Urusi, baadaye akaolewa na Petro Mkuu, na mwisho akatawala Urusi yote kwa jina la Catherine wa Kwanza.) Mwaka 1710 Riga ikaangukia mikononi mwa Petro huyo, na kufika 1795 nchi yote ilikuwa ya Urusi. Lakini makabaila wa Kijerumani walibaki na mashamba yao.

Hapa pana habari inayoligusa bara letu la Afrika. Upande wa magharibi, Kurzeme, ulikuwa dola ndogo yenye mtawala wake Mjerumani chini ya ulinzi wa Poland. Mmoja wao, Jacob Kettler, aliyeanza kutawala mwaka 1642, alikuwa na tamaa kubwa kupita nchi yake. Aliunda merikebu nyingi, na mwaka 1651 watu wake walijipatia kisiwa katika mto Gambia, Afrika ya Magharibi, wakajenga ngome. Mwaka 1654 wakaweka makazi katika kisiwa cha Tobago ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1661 Waingereza waliitwaa ngome ile ya Gambia, wakakiita kisiwa James, na baadaye watumwa wengi wa Kiafrika walipitishwa hapo. Tangu mwaka 2011 kinaitwa Kunta Kinteh. Baadhi ya vitabu husema kwa fahari kwamba Latvia iliwahi kuwa na makoloni. Mimi siwezi kukubali maneno hayo. Mkulima wa Kilatvia aliyekata magogo ya kuundia merikebu hizo alikuwa mtwana katika nchi ya babu zake mwenyewe. Koloni lilikuwa la bwana wake.

Utwana uliondolewa Kurzeme mwaka 1817 na Vidzeme mwaka 1819, lakini ardhi haikutolewa; mtu alipata uhuru wa kuondoka, na shamba likabaki la kabaila. Latgale ilingoja mpaka 1861. Hata hivyo wana wa wakulima walianza kwenda shule. Katika miaka ya 1850 mwanafunzi mmoja, Krišjānis Valdemārs, alikuwa akisoma katika chuo kikuu cha Tartu. Juu ya mlango wa chumba chake aliweka kadi yenye jina lake, na chini ya jina akaandika kwamba yeye ni Mlatvia. Leo twaona ni jambo dogo. Wakati ule lilikuwa jambo la ajabu, maana watu waliamini kwamba msomi na Mlatvia ni vitu viwili visivyokaa pamoja. Wenzake wakamfuata, wakaandika magazeti na mashairi kwa Kilatvia, wakitunga maneno mapya pale lugha ilipopungukiwa.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari hii yote. Wakulima wa Kilatvia walikuwa na nyimbo fupi ziitwazo daina. Nyingi zina mistari minne tu. Ziliimbwa mtoto alipozaliwa, msichana alipoolewa, nafaka zilipovunwa, mzee alipozikwa, na usiku mfupi wa tarehe 23 Juni ambapo watu huwasha mioto mpaka asubuhi. Ndani yake Jua ni mama na Mwezi ni mwanamume. Yatima hulia kwa Jua. Kabaila hutajwa bila upendo. Aliyezitunga kila mmoja hajulikani, na wengi wao walikuwa wanawake. Mabwana hawakuzijali, wakiziona ni kelele za shambani. Walakini mwanafalsafa Mjerumani, Johann Gottfried Herder, aliyefundisha Riga tangu 1764 mpaka 1769, alizisikia na kuzithamini, akazitia baadhi katika kitabu chake cha nyimbo za mataifa.

Kazi ya kuzikusanya ilianzwa na Fricis Brīvzemnieks, kisha akaikabidhi kwa rafiki yake Krišjānis Barons, aliyekuwa mwalimu wa nyumbani huko Moscow. Barons alizaliwa mwaka 1835. Kutoka vijijini walimu, wakulima na akina mama walimpelekea nyimbo kwa barua, naye alizinakili kwa mkono juu ya vipande vya karatasi vya sentimeta 3 kwa 11. Mwaka 1880 alimwagiza fundi amtengenezee kabati la mbao lenye droo zaidi ya 70, na kila droo imegawanywa vyumba vidogo vidogo. Humo alizipanga kwa mfuatano wa maisha ya mtu, tangu kuzaliwa mpaka kaburini. Wimbo mmoja ukija kwa namna kumi kutoka wilaya kumi, aliziweka zote kumi pamoja. Alichapisha vitabu sita tangu 1894 mpaka 1915, na jumla ya nyimbo ndani yake ni 217,996. Alikufa mwaka 1923. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya lati 100, fedha ya Latvia kabla ya kuingia kwa yuro mwaka 2014, na kabati lake limo katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia.

Nataka mwanafunzi aelewe kazi hii ilifanya nini. Mkulima wa Kurzeme na mkulima wa Latgale hawakupata kuonana. Mmoja alikuwa wa Luther na mwenziwe Mkatoliki. Mmoja alitawaliwa kwa sheria hizi na mwenziwe kwa nyingine. Walipofungua kitabu waliona kwamba bibi zao waliimba wimbo ule ule. Nao walianza kuimba pamoja: mwaka 1873 sikukuu ya kwanza ya nyimbo ya Walatvia wote ilifanyika Riga, waimbaji wapatao elfu moja wakakutana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoangusha dola ya Urusi na ya Ujerumani, Walatvia walitangaza jamhuri yao tarehe 18 Novemba 1918, katika jumba la michezo ya kuigiza mjini Riga. Iliwabidi wapigane na Wajerumani na Wabolsheviki, na wapo Walatvia waliopigana upande wa Wabolsheviki. Mkataba wa amani na Urusi ulitiwa sahihi tarehe 11 Agosti 1920. Mashamba ya makabaila yaligawiwa wakulima, chuo kikuu kikafunguliwa, na mnara wa uhuru ukajengwa kwa michango ya watu, ukamalizika mwaka 1935. Lakini mambo hayakuwa mazuri yote: mwaka 1934 Waziri Mkuu Kārlis Ulmanis alilifunga Bunge akatawala peke yake.

Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani na Muungano wa Kisovieti ziligawana nchi za jirani kwa mapatano ya siri. Wajerumani wa Latvia, zaidi ya 50,000, waliitwa na Hitler wakaondoka, na hivyo jamii iliyokaa miaka mia saba ikaisha kwa muda mfupi. Tarehe 17 Juni 1940 vifaru vya Kisovieti viliingia Riga. Ulmanis alichukuliwa, akafia kifungoni mwaka 1942. Tarehe 14 Juni 1941 watu zaidi ya 15,000 walitiwa katika magari ya moshi ya mizigo wakapelekwa Siberia na sehemu nyingine za mbali. Baada ya wiki chache waliingia Wajerumani wa Hitler, na Wayahudi wapatao 70,000 waliuawa. Katika msitu wa Rumbula karibu na Riga waliuawa kiasi cha 25,000 kwa siku mbili, tarehe 30 Novemba na 8 Desemba 1941. Walatvia baadhi walishiriki katika mauaji hayo, na historia ya taifa haiwezi kuandikwa kwa ukweli pasipo kulitaja neno hili. Majeshi ya Kisovieti yalirudi mwaka 1944. Tarehe 25 Machi 1949 watu wengine zaidi ya 42,000 walihamishwa, wengi wao wanawake, watoto na wazee, ili waliobaki waogope na kuingia katika mashamba ya ushirika.

Viwanda vikajengwa, na wafanya kazi wakaletwa kutoka Urusi, Belarus na Ukraine. Mwaka 1935 Walatvia walikuwa watu watatu katika kila wanne wa nchi hiyo. Mwaka 1989 walikuwa asilimia 52 tu, na mjini Riga walizidiwa. Ofisini mtu alitakiwa kujua Kirusi. Serikali iliziacha sikukuu za nyimbo ziendelee, ila ilichagua nyimbo gani ziimbwe. Mwaka 1985 wimbo uitwao Gaismas pils, yaani Ngome ya Nuru, uliondolewa katika orodha. Kwaya na watu wakaudai kwa makelele, wakamwita mzee Haralds Mednis aliyezoea kuuongoza, wakauimba pale pale. Miaka minne baadaye, tarehe 23 Agosti 1989, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn kupitia Riga mpaka Vilnius, mstari wa kilomita zaidi ya 600. Tarehe 4 Mei 1990 Bunge lilitangaza kurudisha uhuru. Mwezi Januari 1991 wakulima walileta matrekta na malori wakaziba njia za Riga. Watu kadhaa waliuawa, lakini hawakuondoka. Tarehe 21 Agosti 1991 uhuru ukathibitika, na mwaka 2004 Latvia iliingia Umoja wa Ulaya. Kati ya miaka hiyo, tangu 1999 mpaka 2007, Rais alikuwa Vaira Vīķe-Freiberga, mwanamke aliyekimbizwa na wazazi wake akiwa mtoto, akakulia Ujerumani, Moroko na Kanada. Kazi yake ya elimu ilikuwa kuchunguza daina zile alizozipanga Barons.

Baada ya uhuru Walatvia walipata swali ambalo hawakulizoea, kwa kuwa sasa wao ndio wenye nguvu. Uraia walipewa wale waliokuwa raia kabla ya 1940 na wazao wao. Watu kama 700,000, wengi wao wasemaji wa Kirusi, walibaki na hati isemayo kwamba si raia, mpaka wafaulu mtihani wa lugha na historia. Wengi wamefaulu tangu hapo, na watoto waliozaliwa tangu mwaka 2020 hupewa uraia moja kwa moja. Mwaka 2012 wapiga kura watatu katika kila wanne walikataa Kirusi kisiwe lugha ya pili ya serikali. Tangu mwaka 2023 shule zilizofundisha kwa Kirusi zimegeuzwa darasa kwa darasa, na kufika Septemba 2025 masomo yote ya shule hizo yawe kwa Kilatvia.

Mimi nawaelewa Walatvia. Watu wasiofika milioni moja na nusu wenye lugha isiyosemwa kwingine ila na wahamiaji wao, wana haki ya kuiogopea. Wamewaona Walivi katikati yao: mwaka 2013 alifariki Kanada bibi Grizelda Kristiņa, mzee wa mwisho aliyekipata Kilivi kwa kunyonya kutoka kwa wazazi wake, na wanaokisema sasa wamejifunza. Lakini mtoto aliyezaliwa Riga mwaka 1985 na mama Mrusi hakuleta kifaru chochote, na kuitwa kwa kile asichokuwa, “si raia,” kunanikumbusha lile neno la makabaila. Chama chetu cha Mijadala kitalizungumza jambo hili Ijumaa ya tatu ya muhula ujao, na wazazi wanakaribishwa. Upande mmoja utatetea shule zifundishe kwa Kilatvia peke yake, na upande wa pili utetee kwamba mtoto aendelee kusoma baadhi ya masomo kwa lugha ya mama yake. Wanaotaka kusema waje kuandikisha majina yao kwangu, na kila mmoja alete tarehe zake na hesabu zake.